Nina siku moja tu ya bustani ya botania ugenini, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mwezi ujao nasafiri nje kikazi na nimebakiwa na siku moja tu ya kupumzika. Mji ninaoenda una bustani kubwa ya botania na kila mtu ananiambia nisiikose. Shida ni kwamba mara ya mwisho kuingia bustani ya hivo, nchi nyingine, nilitembea masaa manne, miguu ikawaka moto, na nilichoona ni majani tu. Vibao vyote Kilatini. Nikatoka na picha mia mbili ambazo mpaka leo sijazifungua. Ni mimi ndo sina macho au kuna namna yake ya kutembelea? Na je naruhusiwa kuchukua japo mbegu moja nikaoteshe nyumbani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Macho unayo, tena mazima kabisa, ila uliingia maktaba ukapita kabati zote bila kufungua hata kitabu kimoja afu ukatoka unasema umeona karatasi. Usijilaumu, hata mimi niliyekula chumvi nyingi kwenye kazi hii nilishafanya hivo, ntakusimulia mbele.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekua kutunza mimea ndani ya nyumba za vioo, zile ambazo nje ni baridi ya kukata mfupa na ndani ni joto la mvuke, kumwagilia, kuhamisha vyungu, kufukuza wadudu, kuandika vibao. Na bado nikienda bustani ngeni kwa siku moja najiwekea mimea kumi na mbili, ikizidi sana kumi na tano. Basi. Piga hesabu mwenyewe: bustani ya botania ya Berlin ina aina kama 20,000 za mimea kwenye hekta 43, ukisema kila aina uitazame nusu dakika tu unahitaji karibu siku saba, usiku na mchana, bila kula wala kulala. Kew ya London ndo usiseme, hekta 132. Kwahiyo mtu anayekwambia ameiona yote kwa siku moja amekuona wewe mgeni wa mambo.

Kabla ya ratiba nikuelezee kwanza hii kitu ni nini, manake hapa ndo watu wengi wanapotea. Bustani ya botania sio paki. Paki wanapanda kinachopendeza. Huku wanapanda kinachojulikana, yaani kila mmea una faili lake, ulitoka wapi, nani aliuleta, lini, ulikuja kama mbegu au kipande cha tawi, na ukifa faili linabaki. Ile ya Padova kule Italia ilianzishwa mwaka 1545 kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari, enzi hizo dawa ni majani na mizizi, na muuza dawa akikupa mzizi wa uongo anayekufa ni mgonjwa, sasa walimu wakataka mahali pa kumsimamisha mwanafunzi mbele ya mmea wenyewe ukiwa hai, wanamwambia huu ndio, na ule unaofanana nao sio. Ipo palepale mpaka leo. Ndani yake kuna mti wa jamii ya mitende, ule mfupi wa nchi za Mediterania, uliopandwa 1585. Goethe yule mshairi wa Kijerumani aliukuta 1786 akausimamia kuutazama, na wewe ukienda leo unaukuta, umejengewa kijumba chake cha kioo. Mti uleule!

Nimeanzia huko kwa sababu mmea bila habari zake ni jani tu, hapo hukukosea hata kidogo. Na habari ziko kwenye kibao.

Basi tusome kibao pamoja. Chukulia kimechomekwa kwenye udongo mbele yako, cha plastiki nyeusi na maandishi meupe, kidogo tu kama kadi ya benki. Juu kabisa kuna neno moja linaloishia na -aceae. Hilo ndo ukoo, na wala huhitaji kujua zaidi ya koo tano sita kuanza kufurahi: Fabaceae ni ukoo wa maharage, Arecaceae ni minazi na mitende, Orchidaceae ni okidi, Poaceae ni nyasi zote pamoja na mahindi na mianzi, Solanaceae ni nyanya na viazi mviringo na tumbaku. Ukishajua hivo unaanza kushangaa mwenyewe, unakuta mti mrefu kama mnara afu kibao kinasema Fabaceae, unainua macho unaona maganda yananing'inia, kumbe ni ndugu yake na kunde!

Chini yake kuna majina mawili yenye herufi za kulala, la kwanza ni la jenasi, yaani kikundi cha mimea ndugu wa karibu, na la pili ndo linamtambulisha yeye hasa. Hilo la pili usilipite, mara nyingi ni sifa tu. Officinalis maana yake zamani ulikua unauzwa kama dawa. Sativa au sativus, unalimwa na watu. Edulis, unalika (lakini usionje, naomba sana). Repens unatambaa, nana ni mbilikimo, foetidus unanuka, na hapo unaruhusiwa kuinama kuhakikisha. Ukiona herufi L. imebaki peke yake mwishoni, hiyo sio saizi, ni Linnaeus, yule Msweden wa karne ya 18 aliyeweka mtindo huu wa majina mawili, maana yake yeye ndo aliuandikisha kwa jina.

Afu kuna namba. Hii hakuna mgeni anayeiangalia na mimi ndo naipenda kuliko vyote. Bustani nyingi namba inaanza na mwaka, mfano 1987 afu dashi afu tarakimu nyingine, yaani mmea huo uliandikishwa hapo mwaka 1987. Kwingine wanaongeza herufi, W ikiwepo maana yake mbegu yake iliokotwa porini kwenyewe, sio bustani kwa bustani. Mchezo wangu mimi kila bustani ngeni ni kutafuta mmea ulioingia mwaka niliozaliwa, nikiupata nakaa nao kidogo, tunaangaliana, nani kazeeka vizuri. Mara nyingi ni yeye.

Haya, ratiba. Jioni ya kuamkia siku yenyewe fungua tovuti ya bustani uangalie vitu viwili, nyumba gani ya vioo imefungwa kwa matengenezo (Kew walifunga ile nyumba yao kubwa ya mimea ya ukanda wa wastani miaka mitano mizima mpaka 2018, watu wametoka mbali huko wanakuta mabati) na saa za kufunga. Saa za kufunga soma mara mbili! Geti linaweza kufungwa saa kumi na mbili jioni lakini nyumba za vioo zikafungwa saa moja kabla au zaidi, na hapa ndo nilipoangukia mimi. Safari yangu ya kwanza kabisa nje, bustani siitaji, nikaingia saa tisa alasiri nikasema nitaanza na nje nipunge upepo afu nimalizie na vioo, nikazunguka bwawa, nikala mkate wangu, kufika mlango wa nyumba ya vioo mlinzi ndo anazungusha ufunguo. Nikachungulia kwenye kioo kama mtoto anayechungulia harusi. Kwahiyo wewe anza na vioo, saa za asubuhi, mwili bado mpya, nje utamalizia.

Na ukishakata tiketi usiondoke dirishani, muulize yule mtu swali moja: leo kimechanua nini? Hilo swali lina thamani kuliko ramani. Wafanyakazi wa bustani kila siku wanaambizana, na ukimuuliza sura yake inabadilika, anaacha kukuona kama foleni. Anaweza kukwambia nenda kona ile nyuma ya makangaga kuna kitu kimefunguka leo alfajiri kesho hakipo. Uliza pia kama kuna matembezi ya kuongozwa, sehemu nyingi yanafanywa na wastaafu wanaojitolea na huwa hayana malipo ya ziada, na hao wazee wanajua umbea wa kila mti.

Mavazi: nguo za kuvua. Kama ni nchi ya baridi na ni msimu wa baridi utatoka kwenye sifuri uingie kwenye nyuzi 25 za unyevu ndani ya hatua tatu, miwani inaingia ukungu, kamera inaingia ukungu, na watu wanaanza kufuta lenzi kwa shati, jamani msifute. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama robo saa ipate joto taratibu ndo uitoe. Kama ni nchi ya joto basi wahi asubuhi sana, bustani ya Singapore kwa mfano inafunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kuingia ni bure, ni sehemu ya okidi tu ndo wanatoza, na ile saa ya kwanza ya mwanga kabla jua halijakaza ni zawadi.

Sasa kiini cha swali lako, uangalie nini. Ushauri wangu, na huu ni wangu mimi, wataalamu wengine watakwambia vingine: usifate ramani, fata hadithi moja. Na mgeni wa siku moja hadithi namchagulia mimi, ni mimea unayoitumia kila siku ambayo hujawahi kuiona ikiwa hai. Karibu kila bustani kubwa yenye nyumba ya joto inayo, na mingi imejificha kwa sababu haina maua ya kujionyesha.

Tafuta vanila. Hautauona kirahisi, ni mtambaazi wa kijani, nene kama kidole, unapanda nguzo, hauna mvuto wowote na watu wanaupita kwenda kupiga picha ndizi. Soma kibao: Orchidaceae. Ni okidi! Ua lake linafunguka asubuhi moja tu, mchana limenyauka, na ndani yake kati ya sehemu ya kiume na ya kike kuna kautando kadogo kamekaa kama pazia. Kwao Meksiko lilikua na wadudu wake wa kulishughulikia, lakini ulipopelekwa visiwa vya mbali ukawa unachanua tu hauzai, miaka inapita, mabwana shamba wanakuna vichwa. Mwaka 1841 kisiwani Réunion kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, akachukua kijiti, akainua kale kapazia, akakandamiza chavua kwa kidole gumba. Imeisha. Mpaka leo vanila ya mashambani inachavushwa hivohivo, ua kwa ua, kwa mkono. Ukiwa mbele ya huo mtambaazi na unajua hilo, niambie kama bado utaona jani tu.

Halafu mkakao. Angalia shina, sio matawi. Maua yake yanatoka moja kwa moja kwenye gome, madogo kama ukucha wa mtoto, meupe yenye michirizi ya waridi, na yanahudumiwa na visubi vidogo mno, afu kutoka kwenye kile kiua kinakuja tunda kubwa kama mpira wa raga linaning'inia kwenye shina kama limegundishwa na mtu. Kaa hapo. Chuchumaa. Watoto ndo huwa wanaona kwanza kwa sababu macho yao yako usawa wa shina.

Mbuni nao, yaani mti wa kahawa, utaukuta jirani, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Huu una safari: mche mmoja ulitoka Java ukafika bustani ya Amsterdam mwaka 1706, 1714 mmoja wa watoto wake akapewa zawadi mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, ukatunzwa kwenye bustani ya mfalme Paris, na uzao wa huko ukavuka bahari kwenda Karibi na bara la Amerika. Ukoo mkubwa wa kahawa ya upande ule unarudi kwenye vyungu vya bustani mbili. Ndo maana wanasayansi wanaohofia magonjwa ya kahawa hawalali vizuri, manake mimea ikiwa ndugu wa karibu hivo ugonjwa ukimpata mmoja unawajua wote.

Mchikichi pia, ule wa mawese, asili yake Afrika Magharibi, lakini mwaka 1848 miche minne, minne tu, ilipandwa bustani ya Bogor kwenye kisiwa cha Java, na mbegu za hiyo minne ndo zikaja kuanzisha mashamba makubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki. Na mti wa mpira. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alitoa Brazili mbegu kama 70,000 akazipeleka Kew, zikaota kama 2,700 tu, mingi ya hiyo miche ikasafirishwa Sri Lanka, na 1877 miche 22 ikafika Singapore. Pale Singapore akaja mkurugenzi aitwae Henry Ridley, kuanzia 1888, akagundua namna ya kuchanja gome kwa mshazari kidogo kidogo kila siku bila kuua mti, akawa anatembea na mbegu mfukoni akiwabembeleza wakulima wapande, wakamwita kichaa. Ilipofika miaka ya 1910 mashamba ya Asia yakawa yameizidi Brazili na miji iliyotajirika kwa mpira kule Amazon ikaporomoka. Bustani nyingine ukipita utaona mti huo una makovu ya zamani kwenye gome, pitisha jicho, usipitishe kucha.

Niseme ukweli hapa, hizi bustani zina uzuri na zina deni. Nyingi zilikua ofisi za himaya, kazi yake kuhamisha mali ya nchi moja kwenda kufaidisha nyingine, na vibao vya zamani vilikua vinataja aliyekusanya, havitaji waliomwonyesha njia. Siku hizi baadhi zimeanza kuandika hayo wazi, ukikuta kibao cha namna hiyo kisome chote hata kama ni kirefu. Haikatazi kufurahi. Mimi nafurahi na nakasirika palepale, mti mmoja.

Kama kuna bwawa la yungiyungi kubwa la Amazon, lile jani la duara lenye ukingo uliokunjwa juu kama sinia, weka nalo nusu saa. Mwaka 2022 wanasayansi walitangaza aina ya tatu ya yungiyungi hilo, jani lake linavuka mita tatu, na chekesho ni kwamba sampuli yake kavu ilikua imelala kwenye kabati za Kew miaka 177 ikidhaniwa ni aina nyingine. Ua lake usiku wa kwanza ni jeupe, lina joto na linanukia kama nanasi, mbawakawa wanaingia, linajifunga nao ndani, kesho yake linafunguka likiwa la waridi, wageni wanatoka wamejaa chavua wanatafuta jingine jeupe. Kwahiyo ukikuta ua jeupe na la waridi bwawa moja usiseme ni aina mbili, ni ua la leo na la jana. Inama pia uangalie ukingo wa jani kwa upande, utaona chini lina miiba na mbavu nene kama mbao za dari, ndo zinalibeba.

Kata kona ingine kwenye mimea inayokula wadudu. Ile yenye vikombe, Nepenthes, watu wanadhani kikombe ni ua, hapana, ni ncha ya jani, fata ule uzi kutoka kikombeni urudi nyuma utafika kwenye jani lenyewe. Mdomo wa kikombe ukiwa mkavu sisimizi anatembea vizuri tu, ukilowa unateleza kama sabuni. Ukikipata kikombe kilichopigwa na mwanga kwa nyuma utaona vivuli vya waliozama. Na kifauongo, ule unaokunja majani ukiguswa, mara nyingi uko karibu na mlango na watoto wanaugusa kutwa nzima, wewe mwachie, kila kujikunja unatumia nguvu na ukichoshwa unaacha kabisa kuitika.

Ua maiti la Sumatra sikuwekei kwenye mpango kwa sababu ni bahati, linafunguka siku moja au mbili afu linaanguka, na mpaka lichanue tena miaka inapita. Lakini kama bustani imetangaza kwamba linafunguka ukiwa kwenye mji huo, acha yote niliyoandika hapa, nenda usiku, panga foleni, vumilia harufu.

Na mmoja wa mwisho, kama ni London unaenda. Kuna saikadi pale Kew inaitwa Encephalartos woodii. Ukiiona utasema ni mnazi mnene usiokua, majani magumu yanameta, shina kama pipa. Mwaka 1895 mtu mmoja, John Medley Wood, aliukuta msituni Ngoye, Afrika Kusini, kishada kimoja cha mashina, wa kiume. Saikadi zina jinsia, dume na jike ni miti tofauti. Wametafuta jike zaidi ya miaka mia, hawajapata. Porini haupo tena, na yote iliyopo kwenye bustani za dunia ni vipande vya mwili wa yule mmoja. Wageni wanapita hapo wanatafuta choo. Sikulazimishi kuhuzunika, lakini simama.

Kuhusu picha: piga kibao kwanza, afu mmea. Hiyo tu. Picha zako mia mbili hukuzifungua kwa sababu hazina majina, ni kijani juu ya kijani. Na beba kadaftari, mchana ukichoka tafuta benchi chora jani moja, vibaya, haijalishi, ukichora ndo unagundua kwamba kumbe majani yamekaa mawili mawili yakiangaliana, au yanapishana, au yanatoka matatu sehemu moja, kitu ambacho macho yalipita juu yake masaa manne mara ya kwanza. Viatu vizee, maji, na ukifika saa nane mwili unakataa basi ondoka, mimea kumi uliyoikumbuka ni siku nzuri.

Sasa mbegu. Hapana mwanangu. Najua ni moja tu, najua imeanguka yenyewe chini na itafagiliwa kesho. Padova walipofungua bustani wizi wa usiku ulizidi mpaka wakaizungushia ukuta wa duara, kwahiyo ugonjwa huu wa "moja tu" una umri sawa na bustani zenyewe. Ukiacha suala la wizi kuna sheria mbili zinakusubiri uwanja wa ndege: nchi nyingi zinataka mbegu au mche uje na cheti cha afya ya mimea kutoka ilikotoka, kwa sababu kwenye hiyo mbegu panaweza kuwa na fangasi au yai la mdudu ambalo huko halina madhara na kwenu likamaliza zao zima. Na okidi zote, saikadi zote, karibu kaktasi zote, ziko kwenye mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini, hizo mara nyingi bila kibali cha maandishi ni kosa hata kama umeinunua kwa hela yako. Ukitaka kumbukumbu inayoota nenda duka la bustani, nunua pakiti ya mbegu iliyofungwa na yenye jina, waulize kama wanatoa cheti cha kusafiria, na kabla hujaondoka kwenu waulize watu wa karantini ya mimea wanaruhusu nini kuingia. Wakisema hairuhusiwi, nunua kadi.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilirudi safari moja na ganda kavu la mbegu nililookota njiani bila hata kuwaza, limekaa mfuko wa koti wiki mbili nimelisahau, afisa wa forodha akalitoa na vidole viwili akalinyanyua juu, foleni nzima inatazama, akaniuliza unafanya kazi gani. Nikamwambia. Akacheka peke yake. Kwahiyo usiku wa kufunga mizigo mifuko yote ya koti igeuze nje uikung'ute, na soli za viatu uzisugue udongo utoke, hata huo hawautaki.